Matewan, Harlan County, The Molly Maguires au Germinal: uchague filamu ipi ya mgomo wa makaa ya mawe?

Ukitafuta filamu ya kihistoria juu ya wachimba makaa ya mawe na vita vyao vya kupata chama cha wafanyakazi, majina manne hayakosi kutajwa: Matewan, Harlan County, USA, The Molly Maguires na Germinal. Zote ni nzuri. Ndiyo maana ushauri wa "tazama yoyote" haumsaidii mtu mwenye jioni moja tu, wala katibu wa tawi anayetaka kuwaonyesha wanachama wake kitu kimoja kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Kipimo cha ulinganisho huu ni mkutano. Risasi ni rahisi kuipiga picha. Kazi ipo katika kuonyesha namna watu wasioaminiana wanavyokubaliana kuweka sururu chini siku moja, nani anatunza orodha ya majina, watoto wanakula nini wiki ya tatu, na karatasi inayosainiwa mwishoni ina maneno gani. Filamu inayoonyesha hayo inapanda, isiyoonyesha inashuka, hata ikiwa na nyota wa kulipwa ghali.

| Filamu | Mwaka | Urefu | Mahali na wakati wa kisa | Lugha |
|---|---|---|---|---|
| Matewan | 1987 | kama saa 2 na dakika 15 | West Virginia, 1920 | Kiingereza, Kiitaliano kidogo |
| Harlan County, USA | 1976 | saa 1 na dakika 43 | Kentucky, 1973–1974 | Kiingereza |
| The Molly Maguires | 1970 | saa 2 na dakika 4 | Pennsylvania, 1876 | Kiingereza |
| Germinal | 1993 | kama saa 2 na dakika 40 | Kaskazini mwa Ufaransa, miaka ya 1860 | Kifaransa |

Harlan County, USA ni filamu ya makala: watu ni wenyewe, mgomo ni wenyewe, na damu ni yao. Tatu nyingine zimeigizwa.

Matewan: chumba cha nyuma ya mgahawa

Mji wa Matewan uko kando ya Mto Tug, West Virginia inapopakana na Kentucky. Kuna jambo la kushika kabla hujaianza. Kambi nyingi za wachimbaji pande zile zilikuwa mali ya kampuni kuanzia nyumba hadi duka, lakini Matewan ulikuwa mji wenye meya wake na polisi wake. Ndiyo sababu mkuu wa polisi, Sid Hatfield, aliweza kusimama mbele ya mawakala wa kampuni ya upelelezi ya Baldwin-Felts, waliokodiwa na wenye migodi, na kuwadai hati ya mahakama. Asiyejua hili hubaki akijiuliza ni polisi wa namna gani huyu anayewakingia kifua wagomaji.

La pili ni mshahara. Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyotoa, tena mara nyingi kwa hati na sarafu za kampuni zilizopokelewa kwenye duka la kampuni tu, na bei za duka hilo akizipanga mwajiri yuleyule. Mwanzoni mwa filamu wafanyakazi Weusi wanashushwa kwenye treni na kusomewa madeni yao kabla hawajagusa makaa: nauli ya treni iliyowaleta, kodi ya vifaa, na mengine yanafuata. Waliozaliwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga na kusikia habari za kipande wataitambua harufu hiyo. Mfumo si ule ule, ila mtu hawezi kuondoka kwa kuwa hesabu yake haijafungwa.

Kisha unakuja mkutano. Ni usiku, nyuma ya mgahawa. Joe Kenehan, mratibu aliyetumwa na chama, anahojiwa kwanza kuhusu magwiji wa vyama vya zamani ili wenyeji wajue kama ni mwenzao au ni jasusi. Wenyeji wana hasira na wanataka kulipua kitu. Mara anaingia mtu Mweusi mwenye mwili mkubwa, Few Clothes, mmoja wa walioletwa kuziba nafasi za wagomaji, na chumba kizima kinataka kumrarua. Anawajibu kwamba matusi mengine ameyazoea, lakini kuitwa mvunja mgomo hakubali. Kenehan anashika palepale: kampuni imewagawa Mweupe na Mweusi, mwenyeji na mgeni, bonde hili na bonde lile, na chama kikimkataa huyu kitakuwa kimefanya kazi ya kampuni bure. Halafu anawaonya kuhusu bunduki, kwa sababu risasi ya kwanza ya mgomaji ndiyo kibali cha kuleta jeshi. Katika filamu zote nne hakuna mahali pengine ambapo mantiki ya kuunda tawi imewekwa wazi kiasi hiki ndani ya dakika chache.

Tukio lingine la kutazama kwa makini ni la kanisani. Jasusi wa kampuni amempikia Kenehan tuhuma ya uongo ya kumdhalilisha mwanamke. Wagomaji wameamini, wamepiga kura ya vijiti, na Few Clothes ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kumuua usiku huohuo. Danny, kijana mchimbaji ambaye pia ni mhubiri, anaujua ukweli, lakini mawakala wa kampuni wamemtishia na wameketi palepale kwenye benchi wakimsikiliza. Anafungua kinywa na kuhubiri habari ya Yusufu na mke wa Potifa, kisa ambacho Waislamu wanakijua kwa Surat Yusuf na mke wa Azizi. Waliokulia kwenye Biblia wanaelewa papo hapo kwamba kuna mtu asiye na hatia anayesingiziwa. Mawakala wanasikia mahubiri tu. Ukiitazama na wenzako, simamisha hapa uwaulize nani ameelewa na kwa nini. Mazungumzo yatajiendesha yenyewe.

Ipi ni historia na ipi ni ubunifu? Kenehan na Danny wamebuniwa na mwandishi na mwongozaji, John Sayles. Sid Hatfield, meya Cabell Testerman na jasusi C. E. Lively ni watu wa kweli, na mgahawa wa Lively nao ulikuwapo. Tarehe 19 Mei 1920 mawakala walifika kuzitoa familia za wagomaji kwenye nyumba za kampuni ya Stone Mountain. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka na treni, mapigano yakalipuka na watu 10 wakafa: mawakala 7, wachimbaji 2 na meya. Filamu inaishia hapo, na mengine inayataja kwa sauti ya msimuliaji tu. Kwa hiyo ujazie mwenyewe: tarehe 1 Agosti 1921 Hatfield aliuawa kwenye ngazi za mahakama ya Welch pamoja na rafiki yake Ed Chambers, Lively akiwa kwenye kundi la wapiga risasi. Mwisho wa mwezi huohuo wachimbaji wapatao 10,000, wengi wakiwa na vitambaa vyekundu shingoni, waliandamana na silaha hadi Mlima Blair, wakarudi nyuma jeshi la serikali kuu lilipoingia. Chama kilidhoofika West Virginia kwa zaidi ya miaka 10, kikainuka tena kuanzia 1933 sheria ilipobadilika.

Mtazamaji asiyejua mwisho huo hutoka akidhani wachimbaji walishinda. Hilo ndilo kosa kubwa la kuitazama Matewan peke yake. Kasoro nyingine ni ndogo. Kenehan ni mwema kupita kiasi, na mawakala wawili wakuu ni wabaya hadi wanakaribia katuni. Theluthi ya kwanza inakwenda polepole, na anayesubiri mapigano atachoka, kwani mapigano yenyewe ni mafupi na yako mwishoni kabisa. Picha za Haskell Wexler, zilizoteuliwa kuwania Oscar, zinafidia mengi: ndani ya mgodi unaona taa ya kofia na uso, basi.

Harlan County, USA: mkataba uko wapi?

Mwaka 1973 wachimbaji wa mgodi wa Brookside, wilaya ya Harlan huko Kentucky, walipiga kura kujiunga na Chama cha Wachimba Migodi wa Marekani, UMWA. Mgodi uliendeshwa na Eastover, kampuni tanzu ya kampuni ya umeme ya Duke Power. Mwajiri alikataa kusaini mkataba, na wachimbaji wapatao 180 wakagoma miezi 13. Barbara Kopple alikuwa ameanza na habari nyingine, harakati za wanachama kusafisha uongozi wa UMWA wenyewe, kisha akahamia Brookside na kamera yake. Filamu ilipata Oscar ya filamu ya makala.

Hakuna msimuliaji. Hakuna sauti nzito ya kukwambia umchukie nani. Hii ni nguvu na ni tatizo pia, kwa sababu majina yanapita haraka na usipokuwa na msingi utapotea kwenye nusu saa ya kwanza. Mambo manne yanatosha:

- Farmington, West Virginia, 1968: mlipuko mgodini uliua wachimbaji 78. Ndiyo chanzo cha hasira kuhusu usalama unayoisikia kote.
- Mapafu meusi ni ugonjwa wa vumbi la makaa. Mzee anayekohoa mbele ya kamera hana kifua cha kawaida, na fidia yake ni sehemu ya madai.
- Joseph Yablonski aligombea urais wa UMWA dhidi ya Tony Boyle mwaka 1969. Tarehe 31 Desemba mwaka huo aliuawa nyumbani kwake pamoja na mke na binti yake, na baadaye Boyle alihukumiwa kwa kuagiza mauaji hayo.
- Arnold Miller, mchimbaji wa kawaida, alimshinda Boyle mwaka 1972. Ndiye rais wa chama unayemwona.

Hoja ya tatu ndiyo inayoitofautisha filamu hii na nyingine zote. Katika Matewan adui yuko nje, na ndani ni jasusi mmoja. Hapa chama chenyewe kina doa la damu, na wanachama wanalazimika kukipigania huku wakikikemea. Kiongozi wa tawi anayetaka filamu inayowasifu viongozi aiache hii. Mwanachama anayejiuliza ada yake inakwenda wapi aitazame mara mbili.

Mstari wa wagomaji langoni umepigwa picha alfajiri baada ya alfajiri. Mahakama inapunguza idadi ya wagomaji wanaoruhusiwa langoni, na wake zao wanaingia. Wanalala barabarani kuzuia magari ya wavunja mgomo, wanagombana wenyewe kwa wenyewe kwenye kikao kuhusu nani alichelewa kuamka, na Lois Scott anachomoa bastola kifuani mwa gauni lake mbele ya wenzake. Siku moja wanaziba njia na kumtaka mkuu wa polisi wa wilaya amkamate msimamizi Basil Collins, anayezunguka na silaha. Mkuu wa polisi anahangaika kama mtu aliyealikwa harusi mbili saa moja. Kuna alfajiri nyingine ambayo risasi zinarindima gizani na kamera inayumba kwa sababu waliokuwa wakipiga picha wanapigwa nao.

Ila ukiniuliza dakika bora, iko mbali na Kentucky. Wachimbaji wamekwenda New York kugoma mbele ya soko la hisa, na mmoja anaanza kuongea na askari wa jiji aliyesimama kuwalinda. Wanalinganisha mishahara, matibabu ya meno, pensheni. Askari anashangaa kusikia mtu anashuka chini ya ardhi kwa malipo yale bila bima ya maana. Hakuna anayepaza sauti. Huo ndio mkataba wa hali bora kazini ukielezwa kwa lugha ya mtaani, na mfanyakazi yeyote wa bandarini Mombasa au wa mgodi wa Geita atauelewa bila kufundishwa.

Mwezi Agosti 1974 kijana mchimbaji, Lawrence Jones, alipigwa risasi akafa, na siku chache baadaye mwajiri akasaini. Filamu haiishii kwenye shangwe. Inaendelea hadi mkataba wa taifa wa mwaka huo, ambamo suala la haki ya tawi kugoma lenyewe linapotelea kwenye meza ya mazungumzo, na wachimbaji wanaonekana wakiupigia kura huku wengine wakinung'unika. Watazamaji wengi husema sehemu hii inachosha. Inachosha kweli, na ni ya thamani kuliko milio ya risasi, maana filamu tatu nyingine hazifiki hapo kabisa.

Hizi mbili sambamba

Kama suala ni namna ya kuanzisha chama mahali pasipo na chama, Matewan. Kama chama kipo na suala ni mkataba, au uongozi uliooza, Harlan County. Kwa habari za wanawake, Harlan County iko mbali mbele. Matewan ina Elma, mjane mwenye nyumba ya wageni, na wengine wachache, lakini mgomo ni wa wanaume. Kwa habari za rangi na kabila, Matewan. Usiku mmoja kambini mwenyeji mmoja wa milimani anapiga ala yake, Mwitaliano anaongeza yake, Mweusi anaongeza ya kwake, na wimbo unakuwa mmoja kabla watu wenyewe hawajazoeana. Kwa waliogawanywa na mwajiri kwa makabila au kwa "wa hapa" na "wa kuja", tukio hilo lina kazi kuliko semina.

Kwa nguvu ya ushahidi, hakuna mashindano. Mtu anaweza kuipinga Matewan akisema ni maigizo, lakini ile alfajiri ya Brookside haina mwigizaji.

The Molly Maguires: chama kikishakufa

Hii huchaguliwa kwa sababu ya sura mbili za bango, Sean Connery na Richard Harris, na wengi huvunjika moyo kwa kuwa walitaka filamu ya chama. Chama hakimo. Katika machimbo ya makaa magumu ya Pennsylvania kilikuwapo chama cha wachimbaji kilichoongozwa na John Siney tangu 1868, nacho kilivunjika baada ya mgomo mrefu wa 1875. Filamu inaanzia 1876, kwenye kifusi chake. Waayalandi wachache wanaokutana kwa siri, wanaoitwa Molly Maguires, wanalipua mgodi na kuua wasimamizi, na mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, James McParlan, anaingia kati yao akijifanya mwenzao.

Kwa karibu robo saa ya kwanza hakuna neno linalosemwa. Unaona makaa yakichimbwa, nyumbu, matoroli, magogo ya kushikilia dari ambayo wachimbaji wetu wadogo huyaita matimba, kisha wanaume wanatoka kimya kimya na mlipuko unafuata. Kama unataka kuona kazi yenyewe ya mgodi wa karne ya 19 ilivyokuwa, hapa ndipo, wala Germinal haiifikii. Kijiji kilichopigwa picha, Eckley, ni cha kweli. Filamu ilikiokoa kisibomolewe na sasa ni makumbusho.

Siku ya malipo nayo itazame: mchimbaji mpya anasomewa alichopata, kisha baruti, vifaa na mengine yanakatwa hadi mkononi kinabaki kitu cha kuchekesha. Ilinganishe na ule usomaji wa madeni wa Matewan. Pale deni linasomwa kabla ya kazi, hapa baada, na matokeo ni yaleyale. Baadaye mzee mmoja anakufa bila kuwa na suti ya kuzikiwa. Wanavunja duka la kampuni wamtafutie moja, na hasira ya maisha mazima inatoka mle ndani hadi duka linateketea.

Kwenye historia uwe macho. Picha ya kundi la siri tunayoijua ilitokana kwa kiasi kikubwa na ushahidi wa McParlan mwenyewe, aliyelipwa kuupata, na wanahistoria bado wanabishana kundi lilikuwa na umbo gani. Aliyeajiri Pinkerton, Franklin Gowen, alikuwa rais wa kampuni ya reli na makaa, na alisimama mahakamani kama mwendesha mashtaka. Watu 20 walinyongwa kati ya 1877 na 1879, kumi kati yao siku moja, tarehe 21 Juni 1877. Jack Kehoe wa kweli, kiongozi wa kundi anayeigizwa na Connery, alikuwa na baa wakati wa kukamatwa, si mchimbaji kama anavyoonekana kwenye filamu, na jimbo lilimsamehe mwaka 1979, miaka mia moja baada ya kamba. Filamu inachukua kama jambo lililokwisha thibitika kwamba kundi lilikuwapo kama McParlan alivyosema.

Ichague kama mada yako ni usaliti. Kwa kujifunza kuunda chama, ipite.

Germinal, kwa ufupi

Ni riwaya ya Émile Zola ya mwaka 1885 iliyoletwa kwenye sinema na Claude Berri kwa gharama kubwa. Zola alikwenda Anzin wakati wa mgomo wa wachimbaji wa 1884, mwaka uleule Ufaransa iliporuhusu vyama vya wafanyakazi kisheria, na alichokiona kimo. Kiini cha mgogoro ni hila ya malipo: kampuni inasema itaanza kulipa kazi ya kuweka matimba peke yake, huku ikipunguza bei ya toroli la makaa. Kwenye karatasi inaonekana haki, mfukoni ni punguzo. Simamisha hapo mpige hesabu pamoja. Mwajiri anayebadili mfumo wa posho bila kugusa "mshahara" hufanya hesabu ileile.

Baada ya hapo ni njaa, na hakuna filamu kati ya hizi inayoonyesha njaa ya mgomo kama hii: chombo kimoja baada ya kingine kinauzwa hadi nyumba inabaki kuta. Mfuko wa akiba ya mgomo upo lakini ni mdogo, unaisha, na filamu haifichi hilo. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinatamkwa kwa hotuba na umati. Tena ina utupu na ukatili dhidi ya maiti, kwa hiyo watoto wasiwepo chumbani.

Mambo yanayoharibu utazamaji

Lafudhi ndiyo adui wa kwanza. Hata aliyesoma Kiingereza hadi chuo atapoteza robo ya maneno ya wazee wa Harlan na ya Waayalandi wa Pennsylvania. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hata kama unajiona mjuzi. Usitegemee kuzikuta filamu hizi kwenye kibanda umiza zikiwa zimetafsiriwa na DJ. Ukiwa na kundi lisilojua Kiingereza, mpe mtu mmoja azitazame mapema na aandae maelezo ya sentensi mbili tatu kwa kila tukio kuu. Kutafsiri neno kwa neno juu ya sauti kutaiua Harlan County, kwa kuwa nusu ya habari iko kwenye nyimbo na kelele za langoni.

Ukipakua maandishi peke yake, kuna kosa linalowasumbua wengi: yanaanza sawa, kisha yanachelewa kidogo kidogo hadi mwishoni mtu anakufa na maneno yake yanakuja dakika kadhaa baadaye. Sababu ni kasi ya picha. Nakala nyingi za Ulaya za zamani zinakwenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu inafupika kwa asilimia 4: Germinal ya dakika 160 inakuwa kama 154. Kusogeza maandishi kwa vitufe vya G na H kwenye VLC hakutasaidia, kwa kuwa hiyo hurekebisha ucheleweshaji ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Badili kasi ya faili la maandishi kwa programu kama Subtitle Edit, kutoka 24 kwenda 25, au tafuta faili lililotengenezwa kwa nakala yako.

Giza ni la pili. The Molly Maguires iko chini ya ardhi sehemu kubwa, na mapambano makali ya Harlan County ni kabla ya mapambazuko. Ukitumia projekta mchana kwenye ukumbi wenye mapazia mepesi, utaonyesha ukuta mweusi. Subiri baada ya Magharibi. Sauti nayo ipitie spika yenye nguvu kidogo. Spika ya kompyuta ndogo inameza lafudhi zile zote.

Muda: Harlan County na mazungumzo ya dakika 40 vinaingia kwenye kikao cha saa mbili na nusu. Matewan haiingii hapo, ikate jioni mbili, ya kwanza iishie familia zinapohamia kwenye mahema. Waambie watu mapema kwamba Harlan County inaonyesha mabaki ya mtu aliyepigwa risasi na kilio cha mazishi halisi. Waliofiwa karibuni wana haki ya kutoka nje. Ukionyesha hadharani, ukumbini au kwa kiingilio, unahitaji ruhusa ya mwenye haki za filamu na uulize masharti ya bodi ya filamu ya nchi yako.

Kama hamna bajeti kabisa, iko ya tano nje ya makaa: Salt of the Earth ya mwaka 1954, dakika 94, kuhusu wachimba zinki wa New Mexico. Haina mmiliki wa haki huko Marekani, hivyo inapatikana bure kihalali. Humo pia mahakama inawazuia wanaume langoni na wanawake wanashika zamu, miaka 20 kabla ya Brookside.

Basi, ipi?

Jioni moja, mtazamaji mmoja: Matewan. Tawi la wafanyakazi lililo kwenye majadiliano ya mkataba: Harlan County, na msiruke nusu saa ya mwisho. Darasa la historia: Matewan, halafu mwalimu asimulie Mlima Blair kwa dakika 10, vinginevyo wanafunzi wataondoka na mwisho usio sahihi. Mpenzi wa sinema asiyejali vyama: The Molly Maguires.

Jioni mbili mfululizo: Matewan ya kwanza, Harlan County ya pili, na sikiliza sauti ya Hazel Dickens, mwimbaji aliyetoka West Virginia kwenye familia za wachimbaji. Yumo kwenye zote mbili, na ukishaizoea jana yake utaitambua bila kusubiri jina. Germinal iache kwa wikendi ndefu, na msiitazame kabla ya kula.